Sanda ya Bi Subira

Ilikuwapo, na huenda ingalipo, nchi ya Jinatupu, iliyojikomboa kutoka mikononi mwa mabwana wa Ughaibu kwa vifijo, mizinga na wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne. Hata hivyo, ilibaki na ada moja ambayo uhuru wenyewe haukuthubutu kuigusa: pamba yote iliyovunwa ilipelekwa Ughaibu ikiwa ghafi, kisha raia wakangoja meli iwaletee nguo. Hata bendera, ile waliyoililia kwa furaha siku ilipopandishwa, ilifumwa huko huko. Kufuma nyumbani kulikuwa jinai enzi za mabwana, na kulibaki jinai.

Bi Mahiri, mkulima wa pamba katika kijiji cha Jasho, aliijua vyema sheria hiyo. Lakini mama yake, Bi Subira, alikuwa taabani kwa maradhi, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Mwanangu, miaka sitini nimeilima pamba hii na sijapata kuivaa. Nizike nayo."

Basi Bi Mahiri akakishusha darini kitanda cha kufumia nguo cha marehemu babu yake, akasokota nyuzi, akafuma, na kwa mara ya kwanza tangu mama augue akaona raha moyoni. Askari walimkamata sanda ikiwa imebakiza dhiraa mbili.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema mahakamani, "pamba ni yangu, mikono ni yangu, na msiba utakuwa wangu. Nimemdhulumu nani?"

"Umeidhulumu dola, bibi," akajibu Kadhi Taratibu kwa upole, maana alikuwa mtu wa adabu. "Ughaibu wameahidi kununua pamba yetu mradi tusifume. Ukifuma wewe, kesho atafuma jirani yako, na meli haitakuja tena."

"Hiyo si sheria ya mabwana? Tuliambiwa wameondoka."

"Wameondoka kweli. Tazama mwenyewe, muhuri sasa ni wetu."

Akaupiga muhuri huo juu ya hukumu. Kitanda kikachomwa uani pamoja na sanda, na Bi Mahiri akalia mbele ya watu bila kujificha.

Mwaka ule meli haikuja. Ughaibu walikuwa wamepata pamba rahisi kwingine, wala hawakuona haja ya kuaga. Maghala ya Jinatupu yakajaa hadi milango ikagoma kufungika, huku raia wakitembea na matambara. Kadhi mwenyewe alihukumu akiwa na joho la viraka.

Bi Subira alifariki Ijumaa asubuhi. Bi Mahiri alizunguka kijiji kizima akiomba walau shuka moja kuukuu, asipate. Mwishowe akaenda ghalani, akamwaga pamba sakafuni na kurudi na magunia mawili matupu. Alipoanza kumvisha mama yake aliyaona maandishi makubwa meusi: MALI YA UGHAIBU. Akaona haya mbele ya waombolezaji, akayageuza magunia nje ndani ili yasisomeke. Wakamzika hivyo, maandishi yamemlalia kifuani.