Kaa wa Akragasi

Ndoo ilikaa kwenye roshani ya fleti ya Bassam, Al Nahda, na kila Khelef alipoifunua, chai ilimpanda kooni. Ndani: kinyesi cha njiwa, siki, na mkojo. Wa nani, hakuuliza. Humo ndimo Bassam, bosi wake, au arbab kama wanavyoitwa huku, alimozeeshea sarafu. Zinaingia zinameremeta, zinatoka nyeusi, eti zina miaka elfu mbili na mia tano. Tai upande huu, kaa upande ule: fedha ya Akragasi, mji walioujenga Wagiriki ugenini, Sisilia.

Hayo ya Akragasi Khelef aliyapata chuoni, kwenye historia, kabla hajakacha masomo. Sasa visa yake iko kwa Bassam, kwa hiyo mdomo kaufunga.

Mpaka siku shangazi yake, Bi Kuruthum, alipotoka Rashidiya na vikuku vya fedha alivyoachiwa na marehemu mama yake, kavitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Nabadilishana na arbab wako kwa sarafu moja," akamnong'oneza. "Kaniambia itapanda bei. N'taiuza, umalizie chuo."

Kinyaa kilichomshika Khelef hapo hata ndoo haikuwahi kumtia. Bassam, mwenye Kiswahili cha bibi yake wa Pemba, alivitazama vikuku huku anajilamba midomo.

"Mbona inanuka?" Bi Kuruthum akauliza alipooneshwa sarafu.

"Harufu ya kale hiyo, mama."

"Wagiriki walikuwa wakienda sokoni na sarafu mdomoni, shangazi," Khelef akadakia. Hilo lilikuwa kweli. Lililofuata alilitunga palepale. "Mpaka leo, mwenye sarafu halisi haoni taabu kuimung'unya. Sivyo, arbab?"

"Haya, itie mwanangu, nione," akasema Bi Kuruthum.

Khelef akangoja akatae. Bassam akaitazama sarafu. Akavitazama vikuku. Akaitumbukiza.

Akaizungusha shavuni. Jicho moja likamtoka chozi. "Tamu," akasema, na ute mweusi ukamchuruzika kidevuni.

Khelef akakimbilia sinki. Alirudi anajifuta mdomo. Khalas, vikuku vimekwenda, na ni yeye aliyevisindikiza.

Bassam akaitema kiganjani. "Yalla mama, chukua."

Bi Kuruthum akaruka nyuma, buibui kalikusanya lote mkononi. "Astaghfirullah! Mate ya mwanamume niyaweke kabatini mwangu? Hiyo hata niisugue kwa ndimu na majivu mwaka mzima, siishiki!"

"Zipo nyingine, mama! Hizi hapa!"

"N'tajuaje kama hizo nazo hukuzilamba?"

Akavirudisha vikuku mfukoni, akakamata mlango. Bassam akabaki kafumbata koo.

"Khelef! Maji! Haraka!"

"Inshallah, arbab," akajibu Khelef, akaufunga mlango nyuma yake, akamsindikiza shangazi yake hadi kituo cha metro.