Pilau ya Wageni

Mtu anayejua kwamba miguu yake ina tabia ya kukimbia, akiwa na akili hujifunga kamba mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Haidar Mwinshehe, diwani wa kata ya Mtondoni, jioni ya kuamkia baraza. Alimpigia simu dada yake mkubwa, Ashatu.

"Dada, kesho njooni. Wewe na kinamama, na wazee wanaoweza safari. Baraza ni la wazi, viti vya wageni vipo nyuma. Njooni mkae mnitazame."

"Tukutazame nini? Sisi tunakujua tangu unakojoa kitandani."

"Mnitazame nikisema habari ya zahanati."

Ashatu akasema, "Tutakuja. Hata kwa miguu tutakuja."

Zahanati ya Mtondoni ilikuwa kuta tupu. Watu wenyewe walifyatua tofali, kinamama wakabeba mchanga wa mtoni kwa ndoo, wakaliinua jengo mpaka kwenye lenta, kama walivyoambiwa: nyinyi simamisheni boma, halmashauri itaezeka. Boma likasimama. Bati hazikuja. Masika yakalipiga, na masika mengine yakalipiga, mipapai ikaota ndani ya chumba cha kujifungulia, mbuzi wakapata pa kulala. Mwaka huu ndipo bati na mbao za Mtondoni zilipoingia kwenye bajeti. Haidar mwenyewe aliwasomea watu mkutanoni, na vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa bati zilezile zilikuwa zinatakiwa Kidundu, kata ya Mheshimiwa Ausi, Mwenyekiti wa halmashauri. Na Kidundu hapakuwa na boma. Palikuwa na msingi, na majani juu ya msingi.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kupikwa. Mchana ule madiwani wa chama walikaa faragha, kama ilivyo ada, ili kesho yake kiwe kimebaki cha kupakua tu. Mheshimiwa Ausi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, asiyewahi kugombana na mtu hadharani. Alisema, "Hoja ya kuhamisha ataitoa Haidar mwenyewe. Mfiwa akishasema mazishi ni saa kumi, jirani atapinga nini?"

Watu wakacheka. Haidar naye akacheka, maana kicheko cha wengi huvuta. Walipokuwa wanatoka Ausi alimwekea mkono begani. "Uchaguzi unarudi, ndugu yangu. Majina yatapita mezani kwetu. Mimi sipendi jina lako likwame mahali."

Nje kwenye magari, Nasrin alimfuata. Huyu alikuwa diwani wa viti maalumu, binti wa watu wa duka la vitambaa pale mjini, mwanamke wa maneno machache. Alimwambia, "Mheshimiwa, wewe ukisimama kukataa, na mimi nasimama. Peke yangu siwezi. Kata si yangu, wataniuliza inanihusu nini."

"Nitasimama," Haidar akasema.

Akasema kweli, kwa wakati ule. Lakini alikuwa anajijua. Hii si mara ya kwanza kuahidi kwenye maegesho na kusahau ukumbini. Ndiyo maana alimpigia simu dada yake. Alitaka macho ya watu wake yamkae mgongoni, asipate pa kukimbilia.

Asubuhi walifika kwa lori la kokoto lililokuwa limeteremka kutoka Lugoba, wamevaa kanga zao za sherehe na kanzu zao za Ijumaa, vumbi jeupe limewajaa mpaka kwenye kope. Haidar aliwapokea uani na joho lake la udiwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu geuka nikuone." Ashatu akamnyoosha ukosi. "Umependeza kama bwana harusi anayeozwa kwa nguvu."

Kinamama wakaangua kicheko. Mzee Yunus, aliyekuwa fundi mkuu wa lile boma na asiyechukua hata senti, akalishika pindo la joho akalifikicha kwa vidole. "Kitambaa chote hiki na jua hili? Mheshimiwa, utaiva kabla ya hoja."

"Nimezoea, mzee wangu."

Ashatu akamvuta pembeni. "Dija kakataa kuja. Kasema hawezi kukaa kusikiliza watu wakilijadili lile."

Haidar akatikisa kichwa. Dija alikuwa mke wa mtoto wa Ashatu. Masika yaliyopita uchungu ulimshika, wakampakia kwenye bodaboda kwenda Msata, akajifungulia njiani, kinamama wawili wamemzungushia kanga, malori yanapita. Mtoto alizikwa kabla hajapewa jina.

"Nimemwambia leo mjomba anasema," Ashatu akamalizia. "Basi sema, mdogo wangu. Hatukuombi utukane mtu. Sema tu."

Baraza likaanza. Ikasomwa dua, yakaja ya kikao kilichopita, yakaja maswali. Diwani mmoja alilalamikia mbwa wanaozurura sokoni, mwingine akauliza daraja limefikia wapi, akajibiwa lipo kwenye mchakato, akashukuru kana kwamba amepewa daraja. Kila mara Haidar aligeuza shingo kidogo. Wale pale nyuma, wamejipanga kwenye benchi, mikono magotini, hawasogei, kama watu waliokwenda kutoa posa. Akasikia nguvu imemkaa kifuani. Maneno alikuwa nayo. Atasema: watu hawa walibeba mchanga kwa vichwa vyao. Atasema: msingi hauezekwi. Alishaliona tayari tabasamu la Ausi likimkauka.

Ajenda ikafika. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho, akatazama nyuma kwa mapenzi.

"Waheshimiwa, ajenda inayofuata inataka utulivu. Kwa hiyo baraza sasa linajigeuza kuwa kamati. Wageni wetu wapendwa, nimeambiwa nyinyi mmetoka Mtondoni, na mmesafiri juu ya kokoto. Naomba mtupishe kidogo. Lakini msiende mbali. Hapo nje nimeagiza pilau. Mgeni wangu akiondoka hapa na njaa, aibu ni yangu, si yake."

Ukumbi ukapiga makofi. Na wageni nao wakapiga makofi. Wakainuka, wakatengeneza kanga zao, Mzee Yunus akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kumshukuru Mwenyekiti. Watu wa pande zile wana imani moja, wameirithi: anayekusudia kukunyima hakulishi. Kwao sahani ni ahadi. Ashatu alipofika mlangoni aligeuka, akamtazama ndugu yake, akamkonyeza kwa furaha. Aliona kazi imekwisha kabla haijaanza.

Mlango ukafungwa.

Haidar alisikia kama kamba imekatwa. Mgongo wake ukawa mwepesi, mwepesi wa kutisha. Dirishani aliwaona wakinawishwa mikono, mpishi anafunua sufuria, mvuke unapanda. Harufu ya bizari na nyama ikaingia ukumbini.

"Mheshimiwa Haidar," Ausi akasema, "karibu."

Haidar akasimama. Pembeni yake Nasrin akasogeza kiti nyuma, akashika mikono ya mbao ya kiti hicho, tayari kusimama.

Hakuna aliyemtisha. Ndio ubaya wenyewe. Ausi alikuwa anamtazama kwa upole tu, kama mtu anayesubiri chai imiminwe. Madiwani wengine walikuwa wanapekua makabrasha, wengine wanachungulia simu. Haidar akatafuta yale maneno ya mchanga na msingi, akayakuta yote mahali pake, hata moja halijapotea. Ila yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya watu wa kwenye benchi, na benchi lilikuwa tupu. Akajiuliza, nikisema, atasikia nani? Akajiuliza tena, nisiposema, atajua nani? Na swali la pili likamfariji kuliko la kwanza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, na sauti ikatoka safi, sauti nzuri aliyokuwa ameiandaa kwa kazi nyingine. "Kwa kuzingatia masilahi mapana ya halmashauri yetu, naomba kutoa hoja kwamba vifaa vya kuezekea zahanati ya Mtondoni vipelekwe Kidundu. Naomba kutoa hoja."

Viti vikakwaruza. Wengine wote wakasimama kuunga mkono. Nasrin aliachia mikono ya kiti chake, akabaki amekaa, anatazama meza.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo."

"Wasioafiki waseme siyo."

Pangaboi likazunguka.

"Waliosema ndiyo wameshinda. Na mimi nimpongeze Mheshimiwa Haidar kwa ukomavu. Niwakumbushe tu, waheshimiwa: ya kamati hubaki kamatini."

Baraza likarudi kuwa baraza kwa muda wa kuthibitisha na kufunga. Hakuna aliyekumbuka kuwaita wageni. Wageni walikuwa wanakula.

Watu walipokuwa wanavua majoho, Nasrin alisema bila kumtazama, "Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeniacha nimeshika kiti."

Haidar akatoka na joho mkononi. Kinamama walikuwa wamekaa mkekani chini ya kibaraza, wameshiba, mazungumzo yamechangamka. Walipomwona wakasogea kumpa nafasi. Ashatu alikuwa amemfunikia sahani.

"Nimekuwekea ukoko, ule unaougombania. Kaa ule kwanza."

"Ale nini, aseme," Mzee Yunus akadakia, anachokonoa meno. "Bati zinakuja lini? Nianze kutafuta misumari."

Haidar hakukaa. "Zinakwenda Kidundu," akasema.

Wakaacha kula hapohapo, mwingine tonge mkononi.

"Kidundu wana msingi," Mzee Yunus akasema taratibu, kama anayemsahihisha mtoto. "Nimepita pale juzi. Wataezeka msingi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliisukuma sahani yake katikati ya mkeka, mbali na magoti yake, wengine nao wakasukuma za kwao. Lakini pilau ilikuwa imekwisha kushuka tumboni, na hakuna namna ya kuirudisha.

"Nani kasema ziende?" Ashatu akauliza.

"Baraza."

"Baraza ni watu. Wewe ulisemaje?"

Aliuliza bila mtego. Aliuliza kwa sababu alikuwa na hakika ya jibu na alitaka wenzake walisikie. Haidar akauona uso wake, na akaona kwamba hapa ndipo mahali penyewe, kuliko kule ndani. Hapa macho yote yalikuwepo. Yale macho aliyoyaita yeye mwenyewe yamzuie kukimbia yalikuwa mbele yake, na mlango haukufungwa.

"Nilikataa," akasema. "Nilikataa peke yangu. Wakanishinda kwa wingi."

Ikatoka kwa sauti ileile safi.

Mzee Yunus ndiye aliyeinuka kwanza. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, baba. Pole sana." Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, wamejipanga kama wanaotoa mkono wa rambirambi. Pole, Mheshimiwa. Mungu kakuona. Usife moyo. Mama mmoja alikuwa analia, na Haidar ilimbidi ambembeleze.

"Nitamwambia Dija," Ashatu akasema, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Bati hatukupata, lakini ajue kuna mtu alimsemea."

Wakati huo Nasrin akatokeza akielekea kwenye gari lake. Alitaka kupita, lakini si adabu kuwapita wakubwa hivihivi. Akasimama. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," Ashatu akaitika. Akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni, pasipo ukali. "Wewe nawe ulikuwemo humo ndani? Wanawake mliomo humo, mlimwacha ndugu yetu asimame peke yake? Hata mmoja hakumuunga mkono?"

Haidar akatazama chini. Nasrin akamtazama yeye, akamtazama muda wa kutosha mtu kukiri akitaka.

"Tusameheni, mama," Nasrin akasema mwisho. "Tuliogopa."

"Haya. Mungu awape moyo kama wake."

"Amin," Nasrin akajibu, akaenda zake, na gari lake likachelewa kuwaka.

Lori lilipokuja kuwachukua, Ashatu alikuwa amewekewa nafasi ya mbele kwa dereva kwa sababu ya magoti yake. Akakataa kupanda. Akamlazimisha Haidar apande yeye, aende nao mpaka nyumbani, alale kwao, asibaki peke yake siku kama hii. Haidar akasema ana shughuli. Wakamvuta mkono. Mwishowe wote wawili wakabanana mbele pamoja na dereva, na wengine wakapanda nyuma kwenye vumbi.

"Keshokutwa baada ya sala nitawaita watu wote pale bomani," Ashatu akasema. "Nataka wajue wote, wakubwa na wadogo, jinsi ulivyosimama. Na wakija hao na majina yao ya uchaguzi, sisi jina letu tunalo."

"Usiwaambie, dada."

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Nakuomba. Usiwaambie."

Ashatu akamgeukia dereva, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akatabasamu. "Unamwona huyu? Ndivyo alivyo tangu mdogo. Hapendi sifa."

Kisha akasogea kidogo kumpa ndugu yake nafasi ya kukaa vizuri.