Mahali pa Kulia

Kazini walimwita Macho, maana kazi yake ilikuwa kutazama tu. Alikaa mbele ya taa nyeupe katika kiwanda cha soda, chupa zikimpita mfululizo, naye akichomoa zenye ufa. Wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku, mwili usijue ushike lipi. Mwaka wa tatu usingizi ukampa kisogo. Akirudi asubuhi alijitupa kitandani, akafumba macho, na chupa zikaendelea kupita.

Mtu aliyekuwa akivunja watu mbavu kwa vichekesho akawa wa kuwaka kwa lolote. Kijiko kikianguka, anafoka. Siku moja binti yake wa miaka mitano, waliyemwita Chiriku kwa maneno yasiyokwisha, aliimba nje ya chumba. Macho alitoka na kurusha kiatu, kikavunja kioo cha kabati juu ya kichwa cha mtoto. Akapiga magoti, akamwomba radhi, akilia kumshinda mtoto mwenyewe.

Tangu hapo nyumba ikawa ya kunong'ona. Mkewe, fundi cherehani, kila akienda kazini alimuaga binti mlangoni: "Mama, baba amelala. Ukitaka kitu, mngoje aamke."

Siku Macho alipomeza vidonge vya usingizi alilala kama gogo. Alipoamka jua lilikuwa linapungua. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni jikoni, kando ya stuli iliyopinduka. Mkono wake wa kulia ulipinda pasipo na kiungo. Midomo ilikuwa imevimba kwa kuing'ata.

"Umeanguka lini, mama?"

"Asubuhi. Nilikuwa nachukua kikombe."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umelala."

Alimbeba mbiombio hadi hospitali. Daktari alipounyoosha mkono alishangaa. "Huyu halii?" Mkewe alifika na nyuzi zimemganda gaunini, akaitazama ile midomo, kisha akamtazama mumewe. Macho alingoja matusi. Hayakuja.

Kesho yake alimwendea msimamizi. "Bosi, niweke mchana tu. Hata kufagia nitafagia."

"Ndugu yangu, nikikutoa wewe aingie nani? Wote mnasinzia."

"Si kusinzia. Kichwa changu hakiko sawa. Najiogopa mwenyewe."

Msimamizi, naye macho mekundu, alijipangusa uso. "Pumzika leo. Kesho uje."

Mwisho wa wiki mkewe alifunga mizigo kwenda kwa dada yake.

"Sikuachi, baba Chiriku. Lakini mtoto anataka mahali pa kulia."

Aliwabebea begi hadi barabarani, akarudi kulala. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Alilala chali akitazama dari, asipate hata lepe, akaanza kuzungumza peke yake ili asikie mtu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kuwaona. Akiwa bado kwenye ngazi alimsikia Chiriku akiwasimulia binamu zake jambo fulani, bila kituo, huku wakicheka. Akabisha hodi.

"Nani?" akauliza shemeji yake.

"Ni mimi."

Ndani kukawa kimya. Mlango ulipofunguliwa, binti alikuwa amesimama wima, mkono umefungwa bandeji kifuani.

"Shikamoo, baba," alinong'ona.

"Marahaba. Ongea tu, mama. Sijalala."

Mtoto alimtazama mama yake.

"Kaa basi, unywe chai," mkewe akasema.

"Naingia zamu jioni."

Akasimama palepale kizingitini, hajui aingie au aondoke, mpaka shemeji yake akaurudisha mlango taratibu.