Mvumo Kifuani mwa Émérance

Baridi ya kile chuma cha kusikilizia moyo ilimgusa Émérance kifuani kwa mara nyingine asubuhi ile, naye akageuzia uso ukutani. Kwanza alikuja daktari mwenyewe, Mbelgiji mwenye mvi aliyesimamia hospitali ya Kasongo, kisha mtawa, sasa ni madaktari wageni waliotoka Bukavu kwa gari, wakipokezana mipira ya masikio kama watu wapokezanao kiko. Kila mmoja aliinama, akafumba macho, akainuka uso umemng'aa. Hakuna aliyemwambia neno.

Alikuwa ameletwa kwa machela kutoka Wamaza, baada ya kuanguka katika shamba la pamba ambalo serikali ilimlazimisha kila mwenye nyumba kulilima. Lakini uchovu ulimwanza zamani. Aliamka amechoka, alikula amechoka. Mama mkwe alimwita mvivu, na mumewe Zéphirin, asiyekuwa mtu wa ugomvi, alinyamaza. Ukimya ule ndio uliomuuma zaidi. Mwishowe Émérance naye akasadiki. Akawa anajikokota shambani kama anayetumikia adhabu.

Wageni walipoondoka, daktari aliketi kando ya kitanda, akazungumza Kifaransa kwa muda mrefu. Marcellin, muuguzi aliyetafsiri, alisikiliza huku akitazama viatu vyake.

"Anasema upumzike, mama. Ubaki hapa."

"Maneno yake yalikuwa marefu, baba. Yako mafupi. Nipe yote."

Muuguzi aliinua macho kutoka viatuni. "Moyo una mishipa yake midogo ya kuulisha wenyewe. Mmoja wa kwako umevimba, ukatobokea ndani ya chumba cha moyo. Damu iliyopaswa kuulisha inamwagika humo, inarudi ilikotoka."

"Kwa hiyo moyo unapikia watu wote, wenyewe unalala njaa."

"Ndivyo, mama."

"Anaweza kuziba?"

"Hapa, hapana. Hata kwao Ulaya bado wanajaribu." Akamtazama daktari. "Wala hana hakika. Anakisia kwa kusikiliza sauti yake tu. Ndiyo maana anaomba… siku utakapotutoka, umruhusu afungue kifua, aone."

Zéphirin, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga hatua mbele. "Muke wangu iko muzima!"

Émérance hakukasirika. Hasira nayo inataka nguvu. "Mwambie kwanza anipe nami nisikilize. Wamesikia wote isipokuwa mwenye moyo."

Daktari alishangaa, kisha akamvalisha mipira masikioni kwa mikono yake mwenyewe. Mwanzoni Émérance alisikia pumzi zake tu. Halafu ukaja: si mapigo aliyoyatarajia, bali mvumo mmoja mrefu, ukipanda na kushuka bila kukatika, kama maji ya mto Lwama yakipenya kwenye mawe. Alingoja utulie. Haukutulia. Ulikuwa hivyo hivyo alipolala, alipolima, alipotukanwa. Machozi yakamtoka, akaulilia moyo wake kama mtu amliliavyo mtoto wa jirani aliyetwishwa mzigo wa mtu mzima.

"Mwambie," alisema akivua mipira, "nikifia hapa, afungue. Lakini sitaki kufia hapa. Ninarudi kwetu."

Daktari alibisha kidogo, kisha akakubali. Siku ya kuondoka, aliagiza gari la hospitali liwafikishe mwisho wa barabara.

Kutoka hapo walikwenda kwa miguu. Zéphirin alitangulia na mzigo kichwani, kama alivyozoea. Mbingu ilikuwa imejifunga upande wa Kabambare.

"Mama Pascaline," alimwita kwa jina la binti yao, "tukaze mwendo. Mvua inakuja."

Zamani angekaza, hata kwa kutambaa.

"Nimechoka," alisema. Hakuongeza neno la kujitetea. Akaketi kwenye nyasi kando ya njia, akanyoosha miguu.

Zéphirin aliyatazama mawingu, akamtazama mkewe. Akautua mzigo, akaketi karibu naye.

"Itatunyeshea," alisema.

"Itatunyeshea."

Matone ya kwanza yakatoboa vumbi la njia, na hakuna aliyeinuka.