Uso Ulioloa Nusu

Zoseppe hakuiba kondoo wa Bachis. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake, ndiyo maana alikula mkate na jibini akashiba kabla ya kwenda kuapa.

Kondoo wanne walipotea, kisha ngozi zao zikaonekana bondeni, masikio yamekatwa. Katika milima ile ya Sardinia kila zizi lina alama yake sikioni, na anayekata sikio ana lake la kuficha. Bachis akamtaja Zoseppe, mume wa dada yake, mbele ya watu wote walipotoka misa. Jina likishatajwa hadharani, pa kwenda ni mahali pamoja tu: chemchemini. Ukiapa uongo ukanawa, maji yale yanapofua aliyeiba. Ukitoka uso mkavu, wewe ndiye mwizi, na malishoni hukanyagi tena. Aliyekutaja naye hushuka baada yako, kuapa kwamba mikono yake ni safi.

"Shemeji, umekuja na fimbo ya kipofu?" Bachis alipaza sauti ili watu wacheke.

"Nitakuachia wewe. Si unashuka baada yangu?"

"Mtapiga domo mkitoka," alisema Tzia Mallena, bibi msimamizi wa viapo, bila kuacha kufuma soksi yake. "Zoseppe, sema, jua haliningojei mimi."

Zoseppe akasema kama walivyosema babu zake: si mimi, wala si yeyote anayelala chini ya paa langu. Mkewe Grassia alikuwa nyuma ya wanawake, shali imemfunika mdomo. Alikuwa akitazama chini.

Akateremka. Ngazi zilikuwa za jiwe jeusi, zimechongwa na watu ambao hata majina yao hayakubaki, na kila alipokanyaga, njia ilizidi kubana. Juu ya kichwa chake dari nayo ilikuwa ngazi, zimegeuzwa, kana kwamba kuna wengine wanaoshuka sambamba nawe, miguu juu. Utotoni aliziogopa. Sasa alijiambia ni mawe tu.

Chini palikuwa na baridi ya kaburini. Jua la mchana lilimpiga mgongoni, likagonga maji, na kivuli chake kikaruka kutoka majini hadi ukutani, kichwa chini. Ndivyo vivuli vya wanaoshuka vilivyofanya kila Machi, usiku na mchana vinapolingana. Alichota maji kwa kiganja, akanawa jicho la kushoto.

Ukutani kulikuwa na vivuli viwili.

Alitazama juu ya bega. Ngazi zilikuwa tupu mpaka mlangoni. Akarudisha uso ukutani: kile cha pili kilikuwa cha mwanamke, shali mdomoni, bega moja limeinama kwa mzigo. Na mkono wake ulikuwa umeziba jicho la kushoto.

Zoseppe alibaki na maji kiganjani. Akakumbuka sufuria ya shaba. Mkwewe alipofariki, Bachis alichukua kundi zima, dada yake akapewa sufuria hiyo. Mwezi uliopita Zoseppe alirudi kutoka malishoni akakuta nyama ndani yake. Grassia alisema amepewa na mkunga. Nyama ilikuwa tamu, naye hakuuliza zaidi.

Kwa hiyo mwizi alilala chini ya paa lake, na yeye alikuwa ameapa uongo bila kujua.

Kivuli kile kilianza kuinua mkono wa pili, polepole, kuelekea jicho lililobaki. Zoseppe akafungua vidole. Maji yakarudi yalikotoka, bila sauti.

Alipanda kinyumenyume, kama desturi, asiyape maji mgongo. Alipogeuka juani, watu wakasogea kumtazama uso.

"Upande mmoja mkavu!" Bachis alipiga kelele. "Tzia, mwangalie!"

Sindano za Tzia Mallena zikasimama. "Umenawa nusu, mwanangu? Rudi ukamalize."

"Sirudi. Kondoo nimeiba mimi."

Mtu mmoja akatema mate. Bachis, aliyekuwa akiitaka siku hii, hakucheka. "Basi mimi sina haja ya kushuka," akasema haraka, akirudi nyuma.

Zoseppe alikuwa akimtafuta mkewe, akamwona anawapita wanawake anakuja mbele, shali imeanguka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, linachuruzika machozi.

"Vumbi tu," alisema Grassia. "Twende nyumbani."

Upepo haukuwapo siku ile. Zoseppe akamshika mkono, na watu wakawapisha. Kwenye jiwe la kwanza la njia Grassia alijikwaa, kwa mguu wa kushoto.