Kupunguza Kitanda cha Sita kwa Sita

Eda ilipokwisha, jambo la kwanza alilofanya Kuruthumu lilikuwa kumwita seremala aje kumpunguzia kitanda. Kilikuwa cha mninga, futi sita kwa sita, na godoro lake la inchi nane. Marehemu mumewe, Abdalah, aliagiza vyote Kasulu mwaka waliohamia Kibondo. Kwa miezi minne na siku kumi Kuruthumu alijibana upande wake wa ukutani, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na shuka iliyonyooka na mto wenye foronya safi, basi.

Alitaka futi tatu na nusu. Jirani yake, Zuhra, alimuuliza kama anarudi bweni. Mwanawe Saady alipiga simu kutoka Mwanza akamshauri auze hicho, anunue kipya. Kipya hakukitaka. Alitaka kitanda kilekile, kisicho na nafasi ya mtu asiyekuwepo.

Fundi Nurudini alifika asubuhi na msumeno wake. Alitoa chaga, akapima ubao wa kichwani na wa miguuni, akasema mninga wa namna hii siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Kuruthumu alikuwa barazani, kwenye cherehani, akipiga pindo la pazia la mteja. Kila msumeno ulipokwaruza, mguu wake ulisimama kwenye pedali.

Zamu ya godoro ilipofika, Nurudini alilitandaza uani juu ya mkeka, akalivua kava. Sponji ilikuwa imebonyea upande mmoja, bonde refu kama mtu, na penye nyonga limezama zaidi. Alichora mstari wa chaki kando ya bonde.

“Hili bovu linatoka, Mama Saady, unabaki na zima,” alisema. “Hicho kipande nitaondoka nacho.”

Kuruthumu aliacha pazia, akashuka uani. Hilo hakulifikiria. Mabaki ya kazi ni ya fundi, na yeye mwenyewe ameishi kwa sheria hiyo miaka thelathini. Kikapu kilicho chini ya cherehani yake kimejaa vipande vya vitambaa vya watu, na kwa vipande hivyo anashona foronya na vitambaa vya makochi. Mwaka juzi mteja wake mmoja, Yasmini, alirudi kutoka Kasanda kuulizia vipande vya kitenge cha marehemu mama yake. Kuruthumu alimwambia vimeshashonwa foronya na foronya imeshauzwa, na moyoni akamshangaa mtu anayepanda pikipiki kufuata tambara. Leo angeanzaje kumwambia Nurudini, hiki niachie?

Akamuuliza atakifanyia nini.

“Nitakichanachana, nijazie mito ya makochi. Sponji ikishachanwa, bonde halionekani tena.”

Kuruthumu aliinama, akafuta chaki kwa upindo wa kanga.

“Kata upande ule mwingine.”

“Ule ndio mzima, mama.”

“Ndio uuchukue.”

“Utaumwa kiuno.”

“Kiuno changu.”

Nurudini alimtazama kidogo, akatabasamu kama mtu aliyeokota pesa. Akapima futi mbili na nusu kutoka upande wa ukutani, upande aliolala Kuruthumu maisha yake yote ya ndoa, akaukata kwa kisu kirefu. Aliukunja, akaufunga kwa kamba nyuma ya baiskeli pamoja na vipande vya mbao, akaaga.

Kuruthumu alilipunguza kava kwa cherehani, akalivalisha godoro, akalilaza juu ya chaga. Lilienea barabara. Chumba kilikuwa kimeongezeka, sakafu imetokeza mahali ambapo hakuwahi kufagia bila kupiga magoti. Akatandika shuka, akaikunja mara mbili pembeni kwa sababu sasa ilizidi. Mto akaweka mmoja.

Alasiri ilikuwa bado. Akavua ndala, akapanda, akalala kwenye bonde kwa mara ya kwanza. Nyonga ikateleza mpaka chini kabisa. Lakini Abdalah alikuwa mtu wa mabega, na yeye ni mwembamba. Aligeukia ukutani, nafasi ikabaki mgongoni. Akageukia mlangoni, ikabaki vilevile.