Bia ya Berend

Gerdien Hofsteenge hakuwa mnywaji wa bia. Ile glasi ya plastiki aliishika kwa sababu Berend Nijmeijer, jirani yake wa kiti kwa miaka kumi na minne, alimwomba amshikie kidogo afunge kamba za viatu. Ilikuwa Jumapili, dakika ya sabini na tisa ya mechi ya mwisho ya msimu, na Veenhorst walikuwa nyuma mbili kwa moja. Wakipata sare wanabaki Ligi Kuu ya Uholanzi. Wakifungwa wanashuka daraja.

Mshambuliaji wao akauweka mpira wavuni. Uwanja mzima ukasimama. Mshika kibendera, mita sita tu mbele ya Gerdien, akainua kibendera chake: ameotea.

Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Glasi ilimpata mshika kibendera shingoni, na bia ikamtiririkia mgongoni.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Gerdien. Wote walimkodolea macho mwamuzi. Kipindi cha kwanza mtu alikwisha kutupa kiberiti cha gesi, mchezo ukasimama, na tangazo likasomwa kwa kipaza sauti: kitu kingine kikimgonga mtu, mechi inavunjwa. Gerdien aliijua kanuni hiyo kuliko wengi. Kwenye klabu ya watoto mtaani kwao yeye ndiye aliyebandika ubaoni masharti ya wazazi, na mwaka uliopita alimtoa baba mmoja nje ya uzio kwa kurusha chupa ya maji.

Mwamuzi akawakusanya wachezaji, wakaondoka uwanjani. Walinzi wawili wakapanda ngazi. Kamera ilikuwa imewaonyesha safu ilikotoka glasi, na mbele ya kiti cha Berend sakafu ilikuwa imelowa bia. Berend, mgane, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ndiyo kwanza alikuwa anainuka kutoka kwenye viatu vyake.

"Mzee, bia yako iko wapi?"

Berend aliitazama mikono yake mitupu. Kisha akamtazama Gerdien, mara moja tu.

"Sinayo."

"Hilo tunaliona. Twende."

Gerdien akafungua mdomo. Nyuma yake mwanamume akapaza sauti, "Mlevi wewe, umetushusha daraja!" Wengine wakadakia, safu baada ya safu, na kitu kilichorushwa kutoka juu kikampiga Berend begani. Gerdien akaufunga mdomo.

Binti yake Lisanne akarudi na chipsi. "Mbona hawachezi?"

"Huyo babu wa bia kamtandika mshika kibendera," akasema yule wa nyuma.

"Berend? Mimi si nilisema glasi ya tatu itamponza? Si nilisema, Mama?"

"Kula, zitapoa," akasema Gerdien.

Jioni uamuzi ukatoka. Dakika kumi na moja zilizobaki zingechezwa Jumatano saa nane mchana, uwanja ukiwa mtupu. Berend alifungiwa miaka mitatu asikanyage uwanjani.

Gerdien alikuwa mtu wa mipango. Alipanga kusema ukweli, ila baada ya Jumatano. Sababu zake zilikuwa nzuri: klabu ilihitaji utulivu, Lisanne alikuwa na mitihani, na kwa daktari wa meno alikofanya kazi wagonjwa wasingezungumza kingine. Kila alipozihesabu sababu hizo alizidi kuongeza nyingine.

Kila Jumatatu saa nne asubuhi alikunywa kahawa kwa Berend, tangu mkewe Berend alipofariki. Jumatatu hiyo alimtumia ujumbe kwamba ana mafua. Jumanne alipita kwa baiskeli mbele ya nyumba yake. Watu walikuwa wamemwaga glasi tupu za plastiki mlangoni, lundo zima, na moja imetundikwa kwenye kitasa. Berend alikuwa ameinama anaziokota moja moja na kuzitia kwenye mfuko. Gerdien akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Jumatano nusu ya mji ilisimama nje ya uzio, simu mkononi. Dakika ya nane kati ya zile kumi na moja, kona ikapigwa, beki akaruka na kichwa, mbili kwa mbili. Dakika tatu za mwisho hakuna aliyepumua. Kisha kipenga.

"Bila ile glasi tulikuwa tumekwisha!" mwanamume mmoja akamwambia mwenzake huku wamekumbatiana. "Jumapili wapinzani walikuwa moto. Leo umeona miguu yao ilivyokuwa mizito?"

"Berend ajengewe sanamu."

"Sanamu ya nini? Mpelekeeni kreti ya bia."

"Bia si ndiyo iliyomfanya afungiwe?"

Wakacheka mpaka machozi. Lisanne akamrukia mama yake shingoni. Gerdien alisimama kama gogo. Jumapili ukweli ungemgharimu kila kitu. Leo haungemgharimu chochote, na yeye ndiye aliyeungoja mpaka ukawa rahisi hivyo.

Akaenda kwa Berend. Televisheni ilikuwa bado inawaka.

"Tumebaki," akasema Berend.

"Tumebaki." Gerdien hakukaa. "Berend, ile glasi niliitupa mimi."

"Najua. Si nilikupa mwenyewe?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilidhani utasema pale pale. Halafu nikasema, ana aibu, atakuja Jumatatu. Nikachemsha kahawa ya watu wawili." Akaizima televisheni. "Jana nilikuona. Ulikimbia kama unafukuzwa na mbwa."

"Naenda klabuni sasa hivi," akasema Gerdien.

"Leo watakununulia bia. Ungekwenda juzi wangekutemea mate."

"Najua."

"Nenda. Ila usiniambie umekwenda kwa ajili yangu."

Katika ofisi ya klabu, karani aliyeitwa Roelien alikuwa amejifunga skafu kichwani na anakula keki. Aliposikia alicheka. "Wewe? Gerdien wa masharti ya wazazi?" Alipomtazama usoni akaacha kucheka. "Mama, watu wameshafurahi. Ungeliacha tu lipite."

"Andika. Na uandike Berend alikuwa anafunga viatu."

Roelien akaandika. Adhabu ya Berend ingefutwa, na ile miaka mitatu ingehamia kwa Gerdien. Akatia sahihi na kuiacha kadi yake ya msimu mezani. Kijana wa duka la jezi, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alikuwa amekwisha kutoka mbio.

Gerdien alipofungua mlango wa nje, umati ulikuwa unamngoja. Wakainua glasi zao. Wakaimba jina lake kwa wimbo wa mshambuliaji. Mtu akamfungia skafu shingoni, mwingine akambusu mashavuni mara tatu, na yule mwanamume wa safu ya nyuma, yule aliyemwita Berend mlevi, akataka kupiga naye picha.

Alipita katikati yao huku ameinamisha kichwa, na hakuna hata mmoja aliyemzomea. Lisanne alikuwa amesimama kando ya baiskeli, mikono mfukoni, hapigi makofi.

"Siku tatu ulinyamaza, Mama?" akauliza.